Kabla ya Kumsingizia Buibui

Ndama ameamka shavu limevimba. Jana jioni alinyonya vizuri, akarukaruka, leo kasimama pembeni kainamisha kichwa. Jirani anapita, anachungulia zizini na kutoa hukumu palepale: huyo kaumwa na buibui. Hukumu hiyo haikosi ushahidi, kwa sababu hakuna banda lisilo na utando juu ya hori. Buibui hana wa kumtetea, na mwenye ndama anapata jibu bila kulipia nauli ya mtaalamu.

Sisemi kwamba buibui hana sumu. Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo wanayoulia nzi na mende. Ila wengi wao meno yao hayapenyi hata ngozi ya sikio la ndama. Hapa Afrika Mashariki buibui wanaoweza kumdhuru kweli mnyama mchanga ni wachache, na mnyama aliyevimba, anayetetemeka au aliyeanguka huwa mara nyingi ana jambo jingine. Katika hayo mengine yapo yenye dawa inayofanya kazi ikiwahi. Yapo pia yanayoweza kumuua mwenye mifugo mwenyewe. Kwa hiyo buibui awe mshukiwa wa mwisho, baada ya wengine wote kukaguliwa.

Tuanze naye hata hivyo, ili ajulikane. Wa kuogopwa zaidi ni buibui mjane, na hapa kwetu anayeonekana sana ni mjane wa kahawia. Mwili wa jike hufika takriban sentimita moja, umeviringana, na chini ya tumbo ana alama nyekundu au ya rangi ya chungwa iliyobanwa katikati. Dume ni mdogo mno na hana madhara. Mjane hukaa gizani, karibu na ardhi: chini ya hori, ndani ya tairi kuukuu, kwenye pipa tupu, katikati ya matofali yaliyorundikwa, nyuma ya mlango wa banda usiofungwa kila siku. Utando wake hauna mpangilio mzuri wa duara, ni nyuzi zilizovurugika, lakini ni nyuzi ngumu. Pitisha kijiti utasikia zinavyokatika. Vifuko vya mayai ya mjane wa kahawia ni vya mviringo, na vina vichomozi vidogo pande zote. Ukiviona hivyo umeshamjua mwenye nyumba hata kama amejificha.

Mjane hafuati mtu wala mnyama. Huuma anapobanwa. Ndiyo maana mnyama mchanga yuko hatarini zaidi kidogo kuliko mama yake, kwani huyu ndiye anayetia pua kila shimo, anayelamba kila ubao, anayelala amejikunyata kwenye kona zenye joto. Halafu kuna suala la uzito. Kitoto cha mbuzi wetu wa kienyeji huzaliwa na kilo mbili hivi, wakati ndama wa Friesian anaweza kuzaliwa na kilo 35 au 40. Sumu ileile ikiingia kwa hawa wawili, mmoja anaweza kulala siku nzima na mwingine asipone.

Sumu hii hufanya kazi kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ikiifanya imwage kwa fujo kemikali zinazoamrisha misuli. Matokeo yake ni maumivu na misuli kukakamaa. Lakini wanyama hawaathiriki sawa. Huko Asia ya Kati kuna mjane mweusi aitwaye karakurti, ambaye ana historia ndefu ya kuua ngamia na farasi, na kondoo wa malisho yaleyale humstahimili vizuri zaidi. Imeandikwa kwamba wachungaji wa huko walikuwa wakitanguliza kondoo ili wawakanyage buibui kabla farasi hawajaingia. Australia nako kuna buibui wa Sydney, Atrax robustus, ambaye sumu yake ni hatari sana kwa binadamu na jamii ya nyani, ilhali sungura huivumilia. Dawa ya kuzuia sumu yake iliyoanza kutumika mwaka 1981 ilitengenezwa kwa kutumia sungura haohao. Kwa hiyo yale unayoyasikia kuhusu mtu aliyeumwa usiyahamishe moja kwa moja kwa mbuzi. Mwenye watoto wa punda, au mwenye ndama wa ngamia kule Marsabit na Garissa, ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi kuliko mwenye kondoo.

Wa pili ni buibui wa jamii ya Loxosceles, wa kahawia, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Mmoja wao amepewa jina la Meru ya Tanzania, Loxosceles meruensis, tangu mwaka 1910. Hupenda magunia, mbao na mawe. Sumu yake haikakamazi misuli, huozesha nyama. Mahali palipoumwa huanza kwa wekundu, baada ya siku moja au mbili panakuwa na rangi ya samawati iliyokoza, kisha panakauka, gamba linadondoka na kuacha kidonda kinachochukua wiki kadhaa kupona. Zingatia kasi hiyo. Kidonda kilichotokea chote kwa usiku mmoja kina chanzo kingine.

Wale wakubwa wenye manyoya wanaochimba mashimo, pamoja na yule wa rangi ya machungwa anayesimama kwa miguu ya nyuma akitishia, wanaumiza sana lakini si wauaji wa ndama. Na yule jamaa wa buibui anayekimbia ovyo usiku kufuata taa, mwenye meno mawili makubwa ya kubania, hana sumu kabisa, pamoja na visa vyote anavyosimuliwa.

Mnyama aliyeumwa na mjane kweli yukoje? Dalili huja kwa ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja au chache. Anahangaika, analala na kuamka, anapiga tumbo kwa mguu, misuli inatetemeka, tumbo linakuwa gumu, mate yanatoka, anapumua kwa haraka. Alama yenyewe huwa ndogo kiasi cha kukatisha tamaa, mara nyingi puani, mdomoni, ndani ya sikio, kwapani au kwenye kiwele, mahali pasipo na nywele nyingi. Uvimbe mkubwa wa kutisha si desturi yake. Ajabu ni kwamba uvimbe mkubwa ndio unaowafanya watu wamtaje buibui.

Sasa tuwatazame washukiwa wa kweli, na tuanze na taya, maana hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Uvimbe laini chini ya taya la mwanakondoo au kitoto cha mbuzi, usiouma, usio na joto, ambao ukiubonyeza kwa kidole unaacha shimo kwa sekunde kadhaa, ni maji. Ulize swali moja: asubuhi ukoje na jioni ukoje? Kama asubuhi umepungua na jioni umerudi baada ya mnyama kushinda ameinamisha kichwa akila, huyo haumwi na mdudu wa nje, anaumwa na wa ndani. Minyoo ya tumbo inayofyonza damu imemmaliza, damu imekosa protini, maji yanatuama sehemu ya chini. Vuta kope la chini uone utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukiwa mweupe, mnyama yuko pabaya. Afrika Kusini walitengeneza kadi maalumu ya kulinganishia rangi hizo, FAMACHA, na jina lake limetokana na la daktari wa mifugo Francois Malan aliyekuja na wazo hilo. Hata bila kadi, ukizoea kutazama kope za mbuzi wazima utamtambua mgonjwa. Anahitaji dawa ya minyoo iliyopimwa kwa uzito wake. Minyoo ya ini nayo huleta uvimbe wa namna hiyo, hasa kwa wanaochunga mabondeni penye maji.

Uvimbe ukiwa juu zaidi, chini ya sikio, na ukaushika ukakuta ni tezi iliyojitokeza, usipoteze muda kutafuta buibui. Tafuta kupe ndani ya sikio, halafu pima joto. Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Huanza kwa tezi hizo kuvimba upande aliouma kupe, joto linapanda hadi nyuzi 40 na 41, kisha ndama anakohoa, anapumua kwa shida, anatoa povu puani. Dawa ya bupavakwoni inaokoa wengi ikitolewa mapema, na ikicheleweshwa hadi mapafu yajae maji, wengi hawafiki kesho. Chanjo ipo, iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, na ndama huchanjwa mara moja na kuvalishwa hereni sikioni. Wafugaji wa jamii za Kimaasai upande wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa wingi, na gharama yake nadhani ni ndogo ukilinganisha na ndama wawili waliokufa.

Paja au bega limevimba kwa mtamba au dume changa mwenye afya na mwili mzuri, anachechemea, hana jeraha: fikiria chambavu. Huwapata sana ng'ombe wa miezi sita hadi miaka miwili, na huwachagua walionenepa. Mwanzoni uvimbe una joto na unauma. Baadaye unapoa, mnyama haonyeshi maumivu ukiugusa, na ukiupapasa unahisi gesi inachakacha chini ya ngozi. Hapo zimebaki saa. Kinga yake ni chanjo ya kila mwaka, na mara nyingi hutolewa pamoja na ya kimeta.

Uso mzima ukivimba haraka, macho yakafunga, pua ikatanuka, wazia nyoka au nyuki. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hulala njiani bila kusogea, na mnyama anayekula majani anamletea uso mwenyewe. Uvimbe wake huenea kwa saa, ngozi inageuka rangi, majimaji ya damu huvuja kwenye alama. Usitegemee sana kuona matundu mawili ya meno. Nywele huyaficha, na wakati mwingine jino moja tu ndilo limeingia. Koboko na baadhi ya swila hawaachi uvimbe mkubwa kiasi hicho. Wao hulegeza mnyama, kope zinashuka, pumzi inakatika. Swila anayetema sumu akipata macho, kazi ni moja: maji mengi safi, tena na tena, bila kungoja mtu. Nyuki nao huwa na mwathirika wanayempenda, naye ni mnyama aliyefungwa kamba. Asiyefungwa hukimbia, aliyefungwa hubaki. Kama ameumwa na nyuki utakuta miiba imebaki kwenye ngozi. Ikwangue kwa ukingo wa kisu butu, haraka iwezekanavyo.

Midomo ya vitoto vya mbuzi yenye malengelenge na magamba wengi husema buibui kawakojolea. Si mkojo, ni virusi vinavyoambukiza zizi zima, hupita kwenye chuchu za mama, na hushika mikono ya mtu pia. Vaa glavu, vitoto visaidiwe kunyonya, na vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki chache.

Kundi jingine ni la wasiovimba. Mwanakondoo anayeanza kuyumba miguu ya nyuma, kisha ya mbele, kisha analala huku macho yake yako hai, mgeuze umkague chini ya mkia, kinenani, kwapani na ndani ya masikio. Kupe mwenye miguu myekundu, Rhipicephalus evertsi, hutoa sumu kwenye mate yake na kupoozesha. Afrika Kusini wanamjua sana kwa wanakondoo, na kupe huyo yuko kwetu pia. Mtoe kila kupe, mmoja mmoja. Mara nyingi mnyama huanza kusimama baada ya siku moja au mbili, na sijui tiba nyingine zizini inayofanya kazi kwa bei ya kukaa chini na kutafuta kupe.

Aliyekakamaa miguu kama amefungwa ubao, masikio yamesimama, taya halifunguki, akishtuka kwa kila kishindo, huyo kumbuka alihasiwa lini, kwa mpira au kwa kisu, au kitovu chake kilipakwa nini. Ni pepopunda. Anayetoa mate, machozi, anayehara na kutetemeka siku ya kuogeshwa au siku moja baadaye, kumbuka dawa ya kupe ilichanganywa na nani na kwa kipimo gani. Muoshe kwa sabuni na maji, na mpigie daktari wa mifugo ukiwa umeshika chupa ile, umsomee kilichoandikwa. Huyo ana dawa ya kuzuia sumu ya namna hiyo, lakini lazima ajue ni sumu gani.

Na ndama anayetoa mate, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, amekuwa mkali au amezubaa kupita kiasi, usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa huwapata ng'ombe na mbuzi, na mate yake yana virusi. Kama mate yameshagusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ndama bado anapumua.

Kwa hiyo saa ya kwanza itumike hivi. Kwanza angalia ulipo. Kama ni nyoka, bado anaweza kuwa chini ya majani yaleyale, basi wahamishe wengine na umtoe mgonjwa. Mbebe, usimtembeze, maana kila hatua inasukuma sumu na kumchosha. Vua kamba, kengele na kila kilicho shingoni kabla uvimbe haujakaza. Mweke kivulini, alale kwa kifua huku miguu imekunjwa, umwegemeze kwa magunia yenye majani kama hawezi kujishikilia. Mnyama anayecheua akilala ubavu kwa muda mrefu gesi humjaa, na wapo wanaokufa kwa gesi wakati sumu ilikuwa haijawashinda.

Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, ukikishikilia dakika nzima. Ndama mzima yuko kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Kitoto cha mbuzi au cha kondoo kinaweza kufika 40 bila kuumwa, hasa mchana wa jua kali. Homa kubwa inakuelekeza kwenye ugonjwa wa kuambukiza. Uvimbe wa ghafla bila homa unakuelekeza kwenye kuumwa, nyuki, mwiba au maji. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, na ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha bandani, ningenunua hicho kabla ya sindano yoyote.

Kisha nyoa nywele za eneo lile kwa wembe, osha kwa maji na sabuni, tazama kwa tochi hata kama ni mchana. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu ya wino au mkaa, andika saa pembeni. Baada ya nusu saa chora tena. Uvimbe uliokaa pale pale na uliokwenda sentimita tano ni habari mbili tofauti kabisa kwa daktari. Piga picha ya alama, ya kope la ndani, ya mnyama akiwa amelala, uzitume. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kinapunguza maumivu.

Usimnyweshe kitu kama humwoni akimeza. Maziwa, mafuta ya kula, maji ya majivu, juisi ya mwarobaini, vyote vikienda mapafuni vinaua kwa uhakika kuliko buibui yeyote. Ukiona anameza na hana dalili za kichaa, mpe maziwa ya mama yake kidogokidogo, kichwa kikiwa usawa wa mgongo. Aliyezaliwa leo ni hadithi nyingine, kwani dang'a lazima aipate ndani ya saa sita za kwanza, na kama mdomo umevimba hawezi kunyonya, mwite mtaalamu ampe kwa mpira wa tumboni.

Kuchanja kwa wembe na kunyonya hakutoi sumu, kunafungua kidonda. Kufunga mguu kwa kamba kwa nguvu kunaozesha mguu. Maji ya betri, mafuta ya taa na dawa ya meno vinachubua ngozi iliyokwisha kuumia. Jiwe jeusi la nyoka ni mfupa uliochomwa. Hushika kwenye kidonda kwa sababu una vitundu vinavyonyonya unyevu, lakini sumu iliyoingia kwenye nyama haitoki kwa njia hiyo. Najua wapo watakaonikasirikia hapa, maana kila kijiji kina mtu aliyepona baada ya kuwekewa jiwe. Wengi waliopona waling'atwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeuma bila kutoa sumu.

Kuhusu sindano, nisikilize vizuri. OTC, yaani oksitetrasaiklini, ambayo kila banda lina chupa yake iliyobaki nusu, inapambana na bakteria. Haizimi sumu ya buibui wala ya nyoka. Daktari anaweza kuitumia baadaye ili kidonda kisioze, hilo ni jambo jingine, na siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa au nyama ziko kwenye lebo ya chupa. Deksamethasoni inapunguza uvimbe, kweli, lakini ukimdunga mnyama mwenye maambukizi unaishusha kinga yake, na ukimdunga mwenye mimba kubwa unaweza kumtoa mimba. Dawa ya kuzuia sumu ya mjane hutengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu, na hata huko si ya kupatikana kila kona, na ya nyoka haimtibu aliyeumwa na buibui. Kwa maana hiyo tiba ya aliyeumwa na mjane zizini ni kupunguziwa maumivu na kulegezwa misuli na daktari, maji mwilini, joto, na mtu wa kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili. Siku mbili tatu za uangalizi huo zinaokoa zaidi ya chupa tano.

Ukimpigia afisa mifugo wa kata, usianze na jina la mdudu. Mwambie umri, joto, uvimbe uko wapi na unakwenda kwa kasi gani, amechanjwa nini na lini, ameogeshwa lini, wangapi wengine wana dalili. Ukianza na "kaumwa na buibui" umemfunga mawazo kabla hajauliza.

Akifa, hasa kama kifo kilikuwa cha ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, na mwili haukakamai, usimchune wala kumpasua kutafuta sumu. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Ukimfungua, vimelea hugusana na hewa na kugeuka mbegu zinazokaa ardhini miongo mingi. Kuna maeneo, Ngorongoro likiwa mojawapo, ambako ugonjwa huu umekuwa ukirudi kwa wanyamapori, mifugo na watu. Nyama isiliwe, mbwa wasisogee, fisi wafukuzwe, na taarifa iende serikalini siku hiyo. "Kaumwa tu na buibui, nyama haina neno" ni sentensi iliyokwisha kupeleka watu hospitalini.

Aliyepona naye atazamwe. Ngozi iliyokufa hudondoka baada ya wiki moja au mbili na kuacha kidonda kipana, na hapo nzi hutaga. Osha kwa maji ya chumvi, paka dawa ya kufukuza nzi, usifunge kwa plastiki.

Kwa kupunguza wajane, ingia bandani saa mbili usiku na tochi, si mchana, kwani usiku ndipo jike anatoka katikati ya utando wake. Vaa glavu na viatu vya kufunika. Inua hori na utazame upande wa chini, piga mwanga ndani ya tairi, kati ya mbao na ukuta. Ukimkuta, mponde kwa kijiti pamoja na vifuko vyake vya mayai, kwa sababu kila kifuko kina mayai mengi. Ondoa rundo la matofali lililolaliwa na vitoto. Kuku wakipitapita bandani mchana wanasaidia. Kupulizia dawa banda zima kila wiki sikushauri, kwa sababu buibui wa kawaida wa juu ya paa wanakula nzi wako bure, na sumu hiyo itaishia kwenye manyoya na maziwa. Nyoka wafukuze kwa kuwakosesha panya: pumba ndani ya mapipa yenye mifuniko, majani yakatwe mita kadhaa kuzunguka boma. Mizinga ya nyuki iwe mbali na mahali pa kufungia.

Na msimu wa mvua usiwasahau siafu, ambao kwa vifaranga, sungura na vitoto vilivyozaliwa usiku ni hatari kuliko buibui wote niliowataja. Huingia kwa maelfu, huingia puani na masikioni. Ukisikia kuku au nguruwe wanapiga kelele usiku wa manane, vaa viatu vya mpira kwanza, fungua milango yote ili wenye nguvu wajitoe, wachanga uwachukue mikononi na kuwapangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mbali na msafara. Majivu makavu yamwagwe kwenye njia yao kabla hawajafika mlangoni, na usitumie moto kwenye banda lenye majani makavu.